Kopo la Bi Khole

Vileja vilikuwa kumi na viwili, vimepangwa duara ndani ya kopo, na kila kimoja kilikuwa na alama ya mtu aliyezikwa siku thelathini na nane zilizopita.

Bi Ibtisam hakupiga kelele. Aliurudisha mfuniko juu ya kopo polepole, akaubana kwa viganja viwili, kisha akaketi juu ya gunia la mchele lililokuwa ukutani.

"Mara ya tatu," alisema.

Binti yake Zuwena alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, kapakata beseni la donge lililokandwa asubuhi. "Mama, jamani, usianze."

"Mimi sijaanza. Kaanza mwenye kopo lake."

Recheli alikuwa kati yao, mikono bado ina samli hadi kwenye vifundo. Aliitazama saa yake. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini mchana. Ndivyo alivyokuwa: jambo likimshtua, alitazama saa kwanza, mengine baadaye. Alikuwa mfamasia, ana miaka ishirini na tisa, kazaliwa Sikonge katika familia ya Kikristo ya Kimoraviani, na tangu Marwan, kitinda mimba wa nyumba hii, amwambie kwamba anataka kumuoa, Jumamosi zake zote alizimalizia hapa, akifundishwa kuoka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, yenye kuta nene za udongo, iliyojengwa na babu wa babu yake Marwan siku ambazo misafara ya kwenda Ujiji ilitua mizigo Tabora kwa wiki nzima. Vyumba vilizunguka ua. Mchana kama huu, upepo wa Septemba ukivuma na vumbi lake jekundu, sauti ya mjini haikufika ndani. Ulisikia kuta tu, kama kuta zinasikika.

Na katika nyumba hii kila mwanamke alikuwa na alama yake. Vileja vya unga wa mchele, samli na iliki viliokwa kila wiki, kwa Idi, kwa harusi, kwa hitma, kwa chai ya alasiri tu, na makopo yalizunguka kwa ndugu na majirani. Hakuna aliyeuliza kimeokwa na mkono wa nani. Bi Ibtisam alibonyeza kila kileja kwa mdomo wa kastabini, ukabaki mduara. Zuwena alitumia uma, mistari minne. Bi Khole, shangazi yao Zuwena na Marwan, na mkubwa wa nyumba, alitumia ukucha wa dole gumba, ukabaki mwezi mwandamo katikati ya kileja. Mwenye alama akifa, alama yake inakwenda naye. Hakuna anayeigusa. Na mwali hahesabiwi kuwa wa nyumba mpaka mkubwa wa wanawake akubali naye awe na alama yake.

Bi Khole alikufa kabla ya kusema lolote juu ya Recheli. Hivyo ndivyo watu wote walivyojua.

Siku ya kumi na saba baada ya mazishi, vileja vyenye mwezi vilikutwa ndani ya kopo lake, hapa stoo. Siku ya thelathini na moja vikakutwa tena. Bi Ibtisam alisema mbele ya wanawe wote wawili: vikionekana mara ya tatu kabla ya arobaini kwisha, barua ya posa haitakwenda Sikonge. Arobaini ilikuwa keshokutwa. Barua ilikuwa imekwisha andikwa, imewekwa ndani ya kabati la vyombo, ikisubiri Jumanne.

"Recheli, mwanangu," Bi Ibtisam alisema, "sina ugomvi nawe. Mungu ananiona. Dini yako naijua, kwenu nakujua, na Marwan sijamwona akicheka hivi tangu baba yake atutoke. Lakini siwezi kupeleka barua huku mkubwa wa nyumba anakataa."

"Mama, alama haisemi kwamba anakataa."

"Inasema nini basi?"

"Inasema kuna mtu ameoka vileja."

Zuwena aliguna kicheko, akakimeza. "Wifi, wewe nawe! Ungeanza na pole kwanza."

Hapo ndipo waliposikia.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mara tatu, kwa utaratibu, kavu, chuma juu ya bati. Ilitoka upande wa pili wa ukuta, kwenye chumba cha Bi Khole kilichofungwa kwa kufuli tangu siku ya tatu ya msiba. Bi Khole alikuwa na pete ya fedha, na kila alipotaka kufungua kopo aligonga mfuniko mara tatu ili sisimizi watoke. Miaka yote hiyo, mlio huo ulikuwa ndio mwito wa chai katika nyumba.

Zuwena alilibana beseni kifuani. Bi Ibtisam aliinuka, akaugeukia ukuta, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, wifi yangu," alisema.

Kisha akamgeukia Recheli.

"Recheli, msalimie."

"Mama, ni bati la paa. Jua limelipasha, linapanuka."

"Msalimie."

Recheli aliutazama ukuta. Rangi ya chokaa ilikuwa imebanduka mahali pamoja, kimo cha mkono. "Namheshimu Bi Khole," alisema. "Lakini siwezi kusalimia paa."

Mara alijua kwamba hilo lilikuwa neno la kumuumiza mtu.  Bi Ibtisam alichukua upande wa kanga yake, akajifuta vidole kimoja kimoja, akatoka. Ukumbini sauti yake ilisikika ikiwa tayari mbali: "Zuwena, njoo tuuzime mkaa. Leo hatuoki."

Zuwena aliweka beseni chini, akalifunika kwa kitambaa. "Ungesema shikamoo tu, wifi," alinong'ona. "Shikamoo moja ingekupunguzia nini?" Naye akatoka.

Recheli alibaki na kopo.

Alilifungua. Alifanya kazi hiyo kama angekuwa nyuma ya kaunta yake, bila haraka. Alikinusa kimoja: samli ilikuwa mbichi, iliki imetwangwa juzi au jana. Alikivunja: ndani kilikuwa kikavu na chepesi, hakijanywa unyevu. Kwa hiyo kiliokwa si zaidi ya siku mbili zilizopita, kwa moto wa juu na wa chini, na mtu aliyejua kazi. Marehemu, kwa kadiri alivyosoma, hawana haja ya samli mpya.

Kisha akawasha taa ya simu, akailaza karibu na vileja ili mwanga uje kwa ubavu na vivuli vijae kwenye mabonyeo. Aliviangalia vyote, kimoja baada ya kimoja, pamoja na kile kilichovunjika. Alikigeuza kila kimoja mpaka mgongo wa mwezi, ule upande wa mviringo, ukaelekea juu. Katika vyote kumi na viwili, pembe ya kushoto ndiyo iliyozama zaidi.

 Kisha akafungua mkoba wake, akatoa bahasha ndogo ya dawa.

Bahasha hiyo ilikuwa na kileja kimoja. Bi Khole alikuja dukani siku yake ya mwisho duniani kuchukua vidonge vyake vya presha, kavaa baibui, kasimama wima kama mlingoti. Hawakuwa wamewahi kuzungumza wawili peke yao. "Mwangaluka," alimwambia, kwa Kinyamwezi, mwanamke Mwarabu wa Kimanga wa miaka sabini na mbili, na Recheli alishindwa kuzuia tabasamu. Bi Khole alilipa, akafungua leso, akaweka kileja juu ya kaunta. "Hiki chako. Nasikia unapima sukari kwa mizani kama dhahabu. Jikoni kwetu tunapima kwa kikombe." Akaondoka. Recheli alikitia kwenye bahasha akile mchana. Kabla ya mchana kuisha Marwan alipiga simu, hawezi kusema, analia. Nani tena angekula? Tangu siku hiyo bahasha ilikaa mkobani. Hakumwonyesha mtu. Kwake kileja kilikuwa kileja.

Sasa alikiweka chini ya mwanga. Mgongo wa mwezi juu. Pembe ya kulia ndiyo iliyozama.

Zuwena alikuwa amemsimulia, siku moja wakichekecha unga, kwamba shangazi yao alizaliwa wa mkono wa kushoto, akapigwa fimbo utotoni mpaka akajifunza kula, kukanda na kuandika kwa mkono wa kulia. Kitu kimoja tu kilibaki. Alama yake aliiweka kwa kushoto, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Mkono wa kushoto huzamisha upande mmoja, wa kulia upande wa pili. Aliyebonyeza vileja vya kopo hili alitumia dole gumba la mkono wa kulia. Na lilikuwa na ukucha mrefu. Zuwena alikata kucha kila Ijumaa. Za Bi Ibtisam zilikuwa zimechakaa kwa sabuni na majivu, hazizidi nyama.

Recheli alizima taa ya simu.

Alimjua mtu mmoja tu aliyeacha ukucha wa dole gumba la kulia urefuke. Aliufuga kwa ajili ya kazi: alinunua asali na nta kutoka misitu ya Sikonge, na nta aliipima kwa kuikwangua kwa ukucha, akijua mara moja iliyochanganywa na mafuta. Siku ya kwanza alipoingia dukani kwake, uso umevimba kwa nyuki, Recheli aliuona ukucha huo kabla hajaliona jicho lake hata moja. Baadaye ndipo macho yalipofunguka, yakamtazama, na hayakuacha kumtazama kwa mwaka na nusu.

Kilichomwogopesha sasa hakikuwa nyuma ya ukuta.

"Wameniambia umebaki huku peke yako."

Marwan alikuwa mlangoni. Alikuwa na vumbi begani, amekuja moja kwa moja kutoka ghalani. Alimtazama usoni kama kawaida yake, kwanza macho, halafu mdomo, halafu macho tena. Safari hii alipofika kwenye macho mara ya pili, aliinamisha yake.

"Mama analia," alisema. "Recheli, sijui nikuambie nini. Pengine tungoje kidogo. Mwaka. Mpaka moyo wake utulie."

"Moyo wa nani?"

"Wa mama."

"Funga mlango."

Aliufunga. Stoo ikawa nusu giza, na mwanga wa kidirisha kimoja ukawa juu ya kopo.

Recheli aliondoa kitambaa kwenye beseni, akamega donge, akalibapisha kiganjani, akamnyooshea. "Bonyeza hapa. Dole gumba la kulia."

Marwan aliuangalia ule unga muda mrefu. Upepo ulipita juu ya paa. Hakuinua mkono.

"Hakuna haja," alisema mwishoni.

"Mara zote tatu?"

"Mara zote tatu. Naoka ghalani, kwenye jiko la kuyeyushia nta. Ijumaa wanapokwenda darsa naingia kwa ufunguo wangu."

"Nani alikufundisha?"

"Yeye. Nilipokuwa mdogo, siku ambazo mama hayupo. Mwanamume wa nyumba hii kukanda unga! Alisema nikimwambia mtu ataninyima vileja mpaka nioe." Alijaribu kucheka, sauti ikakatika. "Ndiyo maana hawakunidhania."

"Sikuulizi ulivyofanya. Nakuuliza kwa nini."

Aliegemea mlango, na taratibu akateremka mpaka akakaa chini, magoti juu.

"Asubuhi ya siku aliyokufa tuligombana," alisema. "Hakuna anayejua. Tulikuwa kwenye chai, mimi na yeye. Alisema wewe unamtazama mtu kama unasoma kibandiko cha chupa. Akasema mkeo atatuhesabia punje za mchele. Mimi nikawaka, Recheli. Nikamwambia nitamuoa, shangazi, uwepo usiwepo. Nikanyanyuka, nikaacha kikombe. Alasiri akawa hayupo. Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu. Uwepo usiwepo."

Recheli alilirudisha donge kwenye beseni.

"Wiki mbili sikulala. Siku moja nikakanda tu, mikono ilitaka kazi. Nikajikuta naweka alama yake. Nikasema nitaviweka mahali pake, angalau kopo lisikae tupu. Nilimwambia uwepo usiwepo. Alipokuwa hayupo, nikataka awepo. Ni hivyo tu, wallahi."

"Na mama yako aliposema kwamba Bi Khole anakataa?"

"Nilinyamaza."

"Ukaoka tena."

"Nikaoka tena."

"Na tena, ukijua kwamba mara ya tatu barua haiendi."

Aliinua uso. Alikuwa analia bila sauti, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili aliyekaa sakafuni. "Nilifikiri labda ni kweli anakataa," alisema. "Nilifikiri labda anatumia mkono wangu."

Baridi ilimpanda Recheli mgongoni, mchana wa joto kama ule. Alisubiri mpaka ikapita. Alitaka kupiga magoti, akishike kichwa kile chenye vumbi, akiweke kifuani kwake. Alijua akifanya hivyo hatasema lililopasa kusemwa. Akabaki amesimama.

"Nisikilize, Marwan. Nakupenda, na hilo unalijua. Lakini siolewi na mtu anayemwachia maiti ajibu kwa niaba yake. Ukitaka kuniacha, niache kwa mdomo wako, nitalia, nitapona."

"Sitaki kukuacha."

"Basi mligombana saa ngapi?"

"Eh?"

"Saa. Mligombana saa ngapi?"

"Saa mbili. Saa mbili na nusu. Kwa nini?"

Alimpa bahasha. Juu yake kulikuwa na mwandiko wake mdogo ulionyooka, kama alivyoandika juu ya kila bahasha iliyopita mikononi mwake: tarehe, kisha *saa 4:15 asubuhi, kutoka kwa Bi Khole*.

Marwan aliisoma. Akaisoma tena. Akatoa kileja, akakiweka kiganjani kana kwamba kina uhai.

"Alikuja kwako," alisema. "Baada ya ugomvi."

"Saa moja na dakika arobaini na tano baadaye, kama kumbukumbu yako ni sahihi. Alinisalimia kwa lugha ya kwetu. Alinipa hiki, akanitania juu ya mizani. Mtu aliyekufa na kinyongo hafungi kileja kwenye leso akavuka soko zima kwa miguu."

"Na hukuniambia?"

"Sikujua mligombana. Hukuniambia."

Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku thelathini na nane kila mmoja kumwona mwenzake sawasawa.

"Mama atasema nimemdhihaki marehemu," Marwan alisema.

"Umemdhihaki. Nenda ukamwambie."

Bi Ibtisam alikuwa uani, juu ya kibao, mbele ya jiko ambalo mkaa wake haukuwa umezimwa. Zuwena alikuwa amesimama na birika la maji bila kumimina, labda akitumaini. Marwan alichuchumaa mbele ya mama yake, akasema yote, tangu uwepo usiwepo mpaka jiko la nta. Hakujitetea. Alipomaliza alinyoosha mkono wake wa kulia, ukucha juu, kama mtoto anayesubiri fimbo.

Mama aliushika mkono ule, akautazama kwa karibu sana, kwa kuwa macho yake hayakuona vizuri vitu vidogo. "Wiki zote hizi naulizia unga wa mchele unakwenda wapi," alisema. Halafu akampiga kofi la kiganja, moja, zito. "Hilo langu. La Khole utalipokea Akhera."

"Ndiyo, mama."

"Kuoka anajua, lakini!" Zuwena alisema. "Mimi nilikula viwili vya mara ya kwanza, nikijua ni vya maiti. Vilikuwa vitamu kuliko vyangu."

"Ulikula?"

"Kimoja na nusu."

Bi Ibtisam alikuwa amekwisha nyoosha mkono upande wa Recheli. "Lete hicho alichokupa."

Alikipokea, akakisogeza karibu na pua. Kisha akapitisha ncha ya kidole juu yake, taratibu, akafika ukingoni, akasimama. Akapitisha tena. Uso wake ulibadilika namna ambayo Recheli hakuwa na jina lake.

"Umekaa nacho siku ngapi?"

"Thelathini na nane, mama."

"Ndani ya mkoba. Unaingia nacho humu, unatoka nacho. Jumamosi zote hizi."

"Ndiyo. Nimekosea nini?"

"Gusa. Mwezi uko wapi?"

Recheli aligusa. Alikuwa ameangalia pembe, kina, mkono wa kulia na wa kushoto. Hakuwa ameangalia mahali. Mwezi wa Bi Khole haukuwa katikati. Ulikuwa umesukumwa pembeni kabisa, karibu na ukingo, na nafasi yote iliyobaki ilikuwa laini, tupu.

"Mkubwa wa nyumba akimkubali mwali," Bi Ibtisam alisema, "humpa kileja kimoja, alama yake kaiweka pembeni. Hasemi kitu. Mwali akikileta jikoni, anatia yake kwenye nafasi iliyoachwa, wanakivunja pamoja. Mimi nilipewa na mama mkwe wangu miaka thelathini na mitano iliyopita, huko kwenye varanda. Nilikula nusu njiani, kwa njaa, nikasutwa mwaka mzima."

"Mbona mimi sijui habari hii?" Zuwena aliuliza.

"Wewe huolewi humu, unaolewa kwa watu. Haya hayasemwi. Hutendwa." Alimgeukia Recheli, na sasa machozi yalikuwa yanateremka kwenye mashavu yote mawili bila yeye kuyajali. "Alikukubali, mwanangu. Yeye mwenyewe, kwa miguu yake. Na mimi hapa nilitaka kumkataza."

 Recheli aliingiza mkono kwenye mfuko wa gauni, akatoa kijiko bapa cha kuhesabia vidonge ambacho hutembea nacho bila kukumbuka. Alikiweka ubavu juu ya kileja kile kigumu, akakandamiza. Kikatoka chenga, ukabaki mstari mmoja mfupi ulionyooka, kando ya mwezi.

"Mstari," Zuwena alisema. "Wifi, hata alama yako ni rula!"

"Itatambulika," Recheli alisema.

Bi Ibtisam alishika upande mmoja, yeye upande wa pili, wakavunja. Samli ilikuwa imeanza kuchacha. Recheli alilitambua hilo kikamilifu, akatafuna, akameza. Alipoinua macho, Marwan alikuwa anamtazama, kwanza macho, halafu mdomo, halafu macho tena, na safari hii hakuinamisha yake.

Mkaa ulipulizwa. Walikata donge, wakabonyeza: miduara, mistari minne, na safu moja ya mistari mmoja mmoja. Moto chini, moto juu ya mfuniko. Harufu ya iliki ilijaa uani, na Bi Ibtisam akaanza kupanga nani aende na barua Jumanne.

"Lakini wewe," alimwambia Marwan ghafla, "vileja nimekusamehe. Huko kugonga ukutani kulikuwa na maana gani? Umenitoa roho."

"Kugonga nini?"

"Mara tatu. Kama pete yake."

"Mama, mimi sijagonga kitu. Niliingia, nikaweka, nikatoka. Leo nimekuja kutoka ghalani wewe ukiwa tayari hapa uani."

Zuwena alimtazama Recheli. "Bati la paa," alisema, si kwa uhakika.

"Bati la paa," Recheli alisema.

Vilipoiva alitumwa stoo kuleta kopo. Jua lilikuwa limekwisha hama, upande ule wa nyumba ulikuwa kivulini. Alimwaga vileja vya Marwan kwenye sahani, akalifuta kopo kwa kitambaa kikavu, akaweka mfuniko. Alikuwa anageuka kutoka.

Ngo. Ngo. Ngo.

Alitazama saa. Saa kumi kasoro dakika tano. Aliinua uso juu: dari ya stoo ilikuwa boriti na udongo, kama ya chumba cha pili. Mabati yaliishia jikoni. Alikuwa ameingia humu Jumamosi zote hizo na hakuwahi kuinua macho. Alisogea ukutani, akaweka kiganja mahali ambapo chokaa ilibanduka. Ukuta ulikuwa wa baridi, na chini ya kiganja, kwa muda mfupi sana, ulikuwa kama kifua cha mtu anayesubiri ajibiwe.

Recheli alinyoosha gauni lake.

"Shikamoo, Bi Khole," alisema.

Alingoja dakika nzima, akiihesabu. Hakukugongwa tena. Basi akachukua kopo, akatoka nalo uani kwenye harufu ya iliki.

"Ulikuwa unazungumza na nani?" Marwan aliuliza, akimpokea.

"Na mwenye kopo," Recheli alisema. Akagonga mfuniko mara tatu kwa kile kijiko chake, sisimizi watoke, akalifungua.